Jirani wa Kilomita Ishirini na Sita

Mama yangu alikuwa na jirani ambaye kwa miaka kumi na saba hakuwahi kumtia machoni. Katikati yao kulikuwa na mlima, na chini ya mlima lilipita handaki la maji lenye urefu wa kilomita ishirini na sita. Mama alikuwa akifungua lango upande wetu, maji yakaingia mlimani. Yeye aliyapokea upande wa pili na kuyagawa kwenye mfereji uliokwenda mjini. Kumfuata kwa barabara ilibidi uuzunguke mlima mzima kwa mabasi mawili, uondoke jua halijachomoza na ufike linaelekea kuzama. Maji yalitumia saa sita tu.

Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu. Mama hakukaa sana kabla ya kupata kibarua cha kusafisha chujio, yaani vile vyuma virefu vilivyosimama kama meno ya kitana mbele ya mdomo wa handaki, kuzuia matawi, majani na kila kinachoelea. Alisimama kutwa kwenye daraja jembamba na reki yenye mpini mrefu kumzidi, akivuta uchafu. Mtunza lango wa wakati ule alikuwa mtu wa kupenda usingizi. Akaanza kumtuma mama asome ubao wa vipimo kwa niaba yake, kisha amwandikie na daftari. Mama akasoma, akaandika, hakulalamika. Miaka miwili baadaye mhandisi alikaa na madaftari, akalinganisha mwandiko, akajua nani hasa alikuwa mtunza lango. Yule bwana akahamishiwa stoo, ambako nadhani alilala vizuri zaidi. Mama akakabidhiwa usukani wa lango, pamoja na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua arobaini kutoka majini. Wenzake wakambandika jina la Bi Vipimo, likamganda.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mraba chenye meza, saa ya ukutani, dirisha lililotazama maji, na simu nyeusi isiyo na tarakimu hata moja. Haikuzihitaji. Ukiinua mkono wake hapa, simu inalia kwenye lango la chini, basi, hakuna pengine.

Asubuhi yake ya kwanza, saa kumi na mbili kamili, mama aliiinua simu ile kwa mikono miwili.

"Lango la Juu hapa," akasema. "Nimeachia nane nukta mbili."

Maana yake ni mita za ujazo nane na kidogo kila sekunde. Kule chini ikajibu sauti nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Lango la Chini. Nane nukta mbili, nimepokea. Lakini wewe siyo yule bwana."

"Siye."

"Afadhali. Yule alikuwa ananipigia miayo sikioni."

Saa sita mchana simu ikalia. Ilikuwa sauti ileile, ikimwambia kwamba maji yake yamefika salama. Huo ndio ukawa utaratibu: mama hupiga alfajiri kusema ameachia kiasi gani, yeye hupiga adhuhuri kusema amepokea kiasi gani. Wiki ya pili au ya tatu, baada ya vipimo, yeye akamuuliza mama anakaa na nani kule. Mama akamwambia ana binti mmoja tu. Yeye akasema ana mke na hakujaliwa mtoto, na kwamba kwa hesabu zake wao wawili ni majirani wa mlango kwa mlango, ila tu mlima umekaa vibaya. Tangu siku ile mama hakumwita Lango la Chini tena, akawa anamwita jirani, na yeye hivyohivyo. Mimi nikafundishwa kumwita mjomba.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya mjomba ni ya mpira. Nilikuwa na miaka saba, nikiwa na mpira mwekundu usiozidi ukubwa wa chungwa, na nilikuwa nimekatazwa kuuchezea karibu na maji. Nikauchezea karibu na maji. Ukadunda mara moja kwenye ukingo, ukaingia, ukapenya katikati ya vyuma viwili kama uliokuwa unasubiriwa ndani. Nililia mpaka kwikwi. Mama hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alitazama saa, akanishika mkono, akaniingiza ofisini, akaniambia nimweleze mjomba mwenyewe nilichofanya. Nikamweleza huku nimemeza maneno nusu. Akaniuliza umeingia saa ngapi. Nikasema saa tatu na robo. Basi tuuvizie saa tisa na robo, akasema.

Siku ile sikula vizuri. Ilipotimu saa tisa na nusu simu ikalia, mama akanipa mimi niipokee.

"Umefika," mjomba akasema. "Umelowa, lakini hauna jeraha."

Alhamisi gari la matengenezo lilikuja na mpira wangu ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha kulikuwa na mwandiko wa kalamu nyekundu: *Abiria huyu alisafiri bila tiketi.*

Nilipoanza kusoma sehemu na desimali, mama alikuwa ananirukia kwa hasira kila nikikosea, maana yeye vipimo alizaliwa navyo. Mjomba akasema aniachie yeye. Kila siku baada ya maji kufika alinipa dakika kumi. Alinifundisha sehemu kwa kugawa mfereji: robo iende mashambani, nusu mjini, iliyobaki inakwenda wapi? Leo mimi ni mwalimu wa hesabu na bado nagawa mfereji ubaoni.

Mjomba alikuwa mtu wa kusoma. Kwenye stoo yao kulikuwa na majarida ya zamani ya wahandisi, na yeye aliyasoma yote, kisha akamsomea mama. Kwa njia hiyo mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote, alijua kuwa Marekani kuna handaki linalopeleka maji jiji la New York, kilomita mia moja thelathini na saba chini ya ardhi. Alijua lile la Ufini lililochongwa ndani ya mwamba, kilomita mia moja na ishirini. Alijua ule mfereji wa Uchina, ambao watu waliuchimba kwa mikono kwa karne nyingi mpaka ukapita kilomita elfu moja na mia saba.

"Letu ni mtoto mchanga," mjomba alikuwa akisema.

"Liache hivyohivyo," mama akamjibu. "Hilo la New York mtu akimwambia jirani yake habari za asubuhi, maji yanafika kesho yake."

Mke wa mjomba alimsikia akicheka na simu kila mchana. Mwanzo hakufurahi, na hakuna wa kumlaumu. Siku moja akamnyang'anya mumewe simu, akauliza wewe mama unayemchekesha mume wangu ni nani. Mama akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba ni wifi yake, kwa kuwa huyo aliyemnyang'anya simu ni kaka yake, na kaka huyu amezidi maneno, kwa hiyo wifi amsaidie kumfunga mdomo. Halafu wifi akaangua kicheko. Baada ya hapo kila Ijumaa ilikuwa zamu yake ya simu, na vipimo vikasubiri.

Simu za mkononi ziliingia, kila mtu akawa nayo. Bado hakuna aliyemtumia mwenzake picha. Nilipomuuliza mama kwa nini, alisema keshamzoea mjomba alivyo kichwani mwake, na akimbadilisha sasa itabidi aanze upya. Nilimwuliza yukoje huko kichwani. Akasema mrefu, mnene, ana ndevu. Sauti ile haiwezi kutoka kwa mtu mwembamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, siku ambayo saa sita ilipita bila simu kulia.

Mama alikuwa anapanga madaftari. Saa sita na dakika tano akaitazama simu. Dakika kumi, akaiinua kuona kama laini ipo. Ilikuwepo. Akasikia inalia kule, ikalia, ikalia. Wifi alikuwa amesafiri kwenda kwao, hivyo kumpigia hakungesaidia. Nilimwambia labda mjomba kaenda msalani. Alitoka, akashika usukani wa lango, akaanza kulishusha. Lilikuwa lango zito na siku hizo mgongo ulikuwa unamsumbua, nikaenda nikashika upande wa pili, tukazungusha pamoja mpaka likafunga nusu. Akasema kama kule hakuna mtu wa kuyapokea, hana ruhusa ya kuendelea kuyatuma. Kisha akarudi kwenye simu, akakaa nayo sikioni bila kuiweka chini. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Saa saba na kitu mlinzi wa kule akaipokea. Alikuwa amesikia inalia bila kikomo akaja kutazama. Alimkuta mjomba sakafuni kando ya meza, macho yako wazi, upande mmoja wa uso umeshuka. Yuko hai. Wanampeleka hospitali.

Mama alimshukuru, akaweka simu, akafungua daftari akaandika saa aliyoshusha lango na kiasi. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama siku zote. Halafu akaweka kalamu, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona analia. Sikujua nikae upande gani wake.

Ilikuwa kiharusi. Mguu ukarudi baada ya siku chache, mkono wa kulia ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Wifi alitupigia kutoka hospitali akasema anaelewa kila kitu, anawatambua watu wote, lakini akifungua mdomo hutoka sauti zisizo na maana, naye akizisikia anakasirika na kugeukia ukutani.

Mama aliomba likizo, ya kwanza katika miaka sita. Ikachukua wiki tatu kumpata wa kumshikia lango. Asubuhi ya safari alibadilisha nguo mara tatu, mwanamke ambaye kwa kawaida anavaa kinachotangulia mkononi. Nilipomcheka alisema, "Na yeye anakwenda kuniona, siyo mimi tu kumwona." Kwenye mkoba aliweka daftari la vipimo.

Nyumba yao ilikuwa pacha ya yetu, mpaka rangi ya mlango, kwa sababu waliozijenga ni walewale. Wifi alifungua. Walitazamana na mama muda mfupi.

"Ndiye wewe," akasema.

"Ndiye mimi, wifi."

Wakakumbatiana pale mlangoni, na wifi akamwambia sikioni kwamba ana hofu, anamwona mumewe anakata tamaa. Mama akampapasa mgongo, akasema haya, twende.

Mjomba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Hakuwa mrefu, wala mnene, wala hakuwa na udevu mmoja. Alikuwa kijitu chembamba chenye masikio makubwa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu. Alimtazama mama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa mkewe. Nikaona mama amesita. Ile sura ilikuwa ngeni kwake kama yake ilivyokuwa ngeni kwa mjomba, na sauti ambayo ingewatambulisha haikuwepo.

Ndipo mama akasema, "Lango la Juu hapa."

Uso wa mjomba ukabadilika wote, hata ule upande ulioshuka. Alitaka kusimama, akashindwa. Akafungua mdomo, ikatoka sauti, ta, ta, ta, akaukaza mdomo kwa nguvu kujaribu tena, ikatoka ileile. Machozi yakamlenga. Akageuzia uso dirishani.

Mama hakumwambia pole. Hakumwambia utapona. Alivuta kigoda akakaa magotini pake, akafungua daftari pale lilipoishia siku ile ya kuanguka.

"Nina deni lako la wiki tatu," akasema. "Jumatano, nne nukta moja, nilikuwa bado nimeshusha nusu. Alhamisi, saba kamili. Ijumaa, saba nukta sita, mvua ilinyesha juu huko."

Akaendelea hivyo, siku baada ya siku, polepole, akiacha nafasi baada ya kila kipimo, ile nafasi ambayo kwa miaka kumi na saba mjomba alikuwa akijazia. Wifi alisimama mlangoni na sinia la vikombe bila kuliweka. Mama alipofika wiki ya pili niliona midomo ya mjomba inatembea. Bado alikuwa ametazama nje.

"Jumatatu," mama akasema, "nane nukta mbili."

"Nane," mjomba akasema.

Ilitoka safi. Yeye mwenyewe alishtuka kuliko sisi. Akageuka, akamtazama mama, akajaribu tena kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. "Nane. Nukta. Mbili." Kisha akataka kusema kitu kingine, labda jina la mkewe, ikatoka ta, ta. Lakini safari hii hakukasirika. Wifi alikuwa ameketi sakafuni na sinia lake, analia bila sauti.

Mtaalamu wa matamshi wa hospitali alituambia hilo hutokea. Maneno ambayo mtu ameyarudia kwa miaka mingi, kama kuhesabu, mara nyingine hunusurika wakati mengine yamezama. Akasema tuanzie hapo. Mama akamuuliza aanzie hapo vipi. Akasema kila siku, bila kuruka.

Basi mama aliporudi akawa na simu mbili za mchana. Ya kwanza ilikuwa ya kazi, kwa dada mchangamfu aliyechukua nafasi ya mjomba. Ya pili alimpigia mjomba nyumbani kwa simu ya mkononi. Anamsomea kipimo, mjomba anarudia. Baada ya miezi miwili akaongeza siku ya wiki, kisha hali ya hewa. Neno lake la kwanza lisilohusu vipimo, kwa taarifa ya wifi, lilikuwa "chumvi", akimaanisha mchuzi hauna, na wifi akasema kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakununa kwa kukosolewa.

Zipo siku alizokataa simu. Kuna mwezi mzima hakutaka kusema neno, na mama akasoma vipimo kila mchana kwa mtu aliyekuwa kimya upande wa pili, akamuaga, akakata. Nilimwambia pengine apumzike. Akasema anamsikia mjomba akipumua, inatosha.

Siku moja alimsomea tisa nukta tatu. Mjomba akasema, "Siyo."

Mama akarudia, tisa nukta tatu.

"Siyo. Mvua... hakuna. Tisa... hapana."

Mama akachukua miwani akatoka kwenda ubaoni. Ilikuwa sita nukta tatu. Alikuwa amesoma vibaya, naye mwenyewe hakuamini. Alirudi akicheka mpaka akashika mlango, na kule nako akasikia kicheko, kizito, kisicho na haraka, ambacho hakuwa amekisikia kwa mwaka na nusu. Alipiga simu ya kazi kurekebisha kosa, kisha wiki ileile akaenda kupimwa macho.

Kila baada ya miaka kadhaa handaki hufungwa wiki mbili, likakaushwa, mafundi wakaingia kukagua kuta. Mwaka wa mwisho wa mama kazini ulikuwa mwaka wa ukaguzi. Mhandisi alimuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu. Mama akasema anataka kupita humo ndani. Mhandisi alidhani anatania. Baadaye akamletea buti, kofia ya taa na karatasi ya kutia sahihi, akampandisha kwenye kigari kidogo cha betri pamoja na mafundi wawili.

Mimi nilizunguka mlima kwa basi kumpokea upande wa pili. Nilifika mapema, siku moja kabla. Mjomba alikuwa amehamishia kiti chake kwenye ukingo wa mfereji mkavu, amevaa lile shati la vifungo mpaka shingoni. Alitembea kwa fimbo siku hizo na alizungumza sentensi fupi, akizichagua. Aliniambia kwamba miaka ishirini na tisa aliyapokea maji kutoka kwenye shimo lile na hajawahi kuingia humo hata hatua kumi. Hakuruhusiwa. Sasa mguu haungekubali. Nilimwuliza kama anamwonea mama wivu.

"Kidogo," akasema.

Saa nane mchana tuliona mwanga mdogo ndani kabisa ya giza. Ulikuwa mkubwa kiasi cha nukta, ukakaa hivyo muda mrefu bila kukua, kisha ukawa taa, kisha kigari. Mama alikuwa amekaa mbele, amelowa, tope mpaka magotini, kofia imekaa upande. Mafundi walimshika mikono akashuka. Alisimama akipepesa macho kwenye jua, akatutafuta, akaja moja kwa moja kwa mjomba.

"Kuna baridi?" mjomba akamuuliza.

"Ya kiasi."

"Kuta?"

"Laini. Lakini katikati pana mkunjo. Pale walipokutana waliochimba huku na waliochimba kule, walipishana kama upana wa kiganja. Nimepagusa."

Mjomba akaitikia kwa kichwa taratibu. Akamwonyesha mama kiti cha pili kilichokuwa kando yake. "Anza mwanzo," akasema. "Usiruke."

Mama akaanza kukaa, lakini wifi akamzuia, akasema habari za handaki zitasubiri mpaka avue hizo buti, maana hatakubali tope lile ndani ya nyumba yake. Akapiga magoti, akashika buti la kushoto, akaanza kuvuta.